Kibao Juu ya Nguzo, Bahasha Mlangoni

Nyoo! Pauni 100 kwa ajili ya masufuria ya pilau. Jamani, kuna maonevu halafu kuna haya. Shemeji yangu hapa Ilford, mtu wa watu, aliombwa na upande wa bibi harusi awapelekee chakula ukumbini. Usiku, Desemba, na ile mvua ya huku isiyonyesha wala isiyokatika. Kaingia uwanja wa nyuma, kapaki karibu na mlango wa jikoni, vijana wakashusha masufuria, masinia na ndoo ya kachumbari, kaondoka. Dakika 23. Siku chache baadaye bahasha ikatua mlangoni kwa jina la dada, maana gari limeandikishwa kwa jina lake. Ndani picha mbili za kamera, gari linaingia, gari linatoka. Chini yake: lipa pauni 100, ukiwahi ndani ya siku 14 tunakupunguzia, lete 60.

Dada alimpa barua ile bila neno. Mwanamume kaikunja, kaileta kwa kinyozi.

Kwa kinyozi ndiko bunge letu liliko. Viti viwili vya kunyolewa, benchi moja, na wabishi hawahesabiki. Barua haijamaliza kuzunguka, kijiwe kimeshagawanyika. Kambi ya kwanza: lipa hiyo sitini yaishe, wazungu hawashindwi. Kambi ya pili inaongozwa na mzee wetu tunayemwita Mwenyekiti, aliyekuja nchi hii enzi za simu za vibandani. Yeye hotuba yake ni moja: "Usiwajibu. Karatasi za kampuni binafsi hizo, weka kwenye takataka."

Mimi nikasonya, kwa heshima lakini, mzee ni mzee.

Ushauri wa Mwenyekiti ulikuwa na mantiki yake zamani. Kampuni ilikuwa inamdai dereva, na dereva haimjui. Inamwandikia mwenye gari, mwenye gari kimya, hadithi inaishia hapo. Silaha yao ya kweli ilikuwa mnyororo wa kufunga tairi. Kisha Bunge la Uingereza likafanya biashara nao: tarehe 1 Oktoba 2012 likapiga marufuku kufunga magari kwenye ardhi za watu binafsi England na Wales, na siku hiyohiyo likawapa Jedwali la 4 la Sheria ya Kulinda Uhuru. Jedwali hilo linasema dereva asipojulikana, mwenye gari anaweza kudaiwa yeye, ila kampuni iwe imefuata masharti. Aliyeko Glasgow asinisikilize, kwao jedwali hilo halifanyi kazi. Sisi wa Ilford linatuhusu. Tangu siku ile, kunyamaza kumekuwa ghali. Wanaenda mahakama ya madai, hujajibu, wanapewa hukumu hukuwepo, na usipoilipa ndani ya mwezi inakaa kwenye rekodi yako miaka 6. Ukiomba mkopo wa nyumba unaangaliwa kama mhalifu, kumbe ulipeleka pilau.

Kambi ya lipa-yaishe ikashangilia. Kijana mmoja, dereva wa teksi za simu, akasimama kabisa huku kitambaa cha kinyozi kikimning'inia shingoni: "Si niliwaambia? Mahakama ya Juu ilishamaliza! Kesi ya muuza chipsi!"

Ni kweli ipo. Barry Beavis, mwenye duka la samaki na chipsi, Aprili 2013 aliacha gari kwenye maegesho ya maduka ya Riverside, Chelmsford. Bure ni saa mbili, yeye akazidisha dakika 56. Kampuni ya ParkingEye ikamdai pauni 85. Beavis akakomaa nayo, mahakama hadi mahakama, mpaka tarehe 4 Novemba 2015 majaji saba wa Mahakama ya Juu wakatoa jibu, sita kwa mmoja: lipa. Wakasema kuna sababu halali ya kuwatoza wanaozidisha muda, ili nafasi zizunguke, wateja wengine nao wapate pa kuweka gari. Na tuseme ukweli wa Mungu, hapo wana hoja. Tunawajua watu, wengine wamo humu humu kwenye benchi, wanaacha gari duka la vyakula asubuhi, wanapanda treni kwenda kazini mjini, wanarudi jioni na mfuko wa maziwa kama ushahidi.

Lakini hukumu haisomwi mstari wa mwisho tu. Pale Chelmsford palikuwa na vibao ishirini hivi, vikubwa, mlangoni na kila upande ndani, na zile pauni 85 zimeandikwa kwa herufi ambazo hata aliyesahau miwani angeziona. Majaji walilisema hilo waziwazi, na juu yake ndipo wakausimamisha mkataba. Maana hawa si polisi wala halmashauri. (Barua ya halmashauri ni jambo jingine kabisa, hiyo usiichanganye na hizi.) Hawa wanachodai ni kwamba mmepatana. Karatasi ya mapatano haipo, saini haipo, yote yako kwenye kibao, na wewe kuegesha ndiyo umesema ndiyo. Kama kibao hakionekani, mmepatana wapi?

Kwa hiyo nikamwambia shemeji, kabla ya kulipa na kabla ya kutupa, twende tukakione.

Tumekwenda saa zilezile za usiku. Mlangoni pa uwanja hakuna kibao. Kuna nguzo ya chuma, na bolti mbili zenye kutu ambazo labda zamani zilishika kitu. Ndani kipo kimoja, kimegongomelewa ukutani nyuma ya mapipa ya taka, juu ya kichwa cha mtu mrefu, kimeelekea kule magari yanakotokea. Anayeingia anakipa kisogo. Taa iliyo juu yake imekufa. Mmea wa kutambaa umeshakula kona moja. Tulipomulika kwa simu tukasoma maneno makubwa: WENYE VIBALI TU. Chini yake picha ya kamera. Chini zaidi maelezo yamebanana kama yale ya karatasi ya ndani ya boksi la dawa, na katikati ya msitu ule, bila wino mzito wala rangi, pauni 100. Shemeji akarudi kwenye usukani, akawasha taa za gari, akapiga picha kupitia kioo cha mbele. Picha ikatoa mapipa ya taka.

Msonyo wa pamoja, tulipoionyesha kwa kinyozi.

Sasa Jedwali la 4, lilelile lililowapa nguvu, linataka kuwe na tangazo linalotaja kiasi cha pesa, na tangazo lenyewe liwe linatosha kumfikia dereva anayeegesha pale. Kumfikia dereva, siyo popo. Halafu yale maneno "wenye vibali tu" yana utamu wake. Kama hakuna ninachopewa, bali nakatazwa tu, mapatano yanatoka wapi? Labda nimeingia ardhi ya mtu bila ruhusa, na wa kulalamika hapo ni mwenye ardhi. Wapo mahakimu wa ngazi ya chini waliokubali hoja hiyo. Hukumu zao hazimfungi hakimu mwingine, kwa hiyo usiende nayo peke yake ukajiona wakili.

Mahakama za hapa zina historia ndefu na vibao. Mwaka 1964 mpiga tarumbeta mmoja, Francis Thornton, alipeleka gari kwenye maegesho ya Shoe Lane, London. Mashine ikamtemea tiketi, na tiketi ikasema kuna masharti yamebandikwa mle ndani. Akaumia humo, wenye mahali wakajificha nyuma ya masharti yaliyokuwa kwenye nguzo. Mahakama ya Rufani ikawakatalia. Jaji Lord Denning akatoa hoja tamu: mashine unaweza kuilalamikia, hata kuitukana, haitikisiki, basi huwezi kusema mtu huyu alijadiliana nayo. Nyingine ni ya hapa jirani kabisa, Waltham Forest: Bi Vine, anaumwa, kasimamisha gari pembeni akatapike, kurudi tairi limefungwa. Kibao kilikuwapo ukutani, ila gari jingine kubwa lilikuwa limekiziba. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufani ikampa haki, kwa sababu hakukiona. Kijana wa teksi aliposikia hiyo akakaa chini.

Barua ya kupinga ameiandika dada, kama mwenye gari. Hakumtaja dereva na halazimiki kumtaja. Kaambatanisha picha za usiku, picha ya nguzo tupu, na picha za zamani za mtaani za Google zinazoonyesha mlango ule haukuwa na kibao tangu kitambo. Kampuni ikajibu kwa barua ya kunakiliwa: imejiridhisha kuwa vibao vinaonekana vizuri. Ikatuma na ushahidi wake. Loh! Picha ya mchana kweupe, jua la Julai, kibao kinang'aa, ule mmea bado mtoto. Ebo, harusi ilikuwa Julai?

Hapo wengi hukata tamaa, na ndipo hapo hapafai kukatiwa tamaa. Kampuni ikikataa inakupa njia ya kwenda kwa msuluhishi wa nje. Wa kampuni hii anaitwa POPLA, nyingine zina wao aitwaye IAS. Kwa POPLA una siku 28. Akiamua kwa upande wako, uamuzi unaifunga kampuni. Akiamua kwa kampuni, wewe bado unaweza kungoja mahakamani. Dada akaenda. Akataka waonyeshe kibao kilivyo usiku, ramani ya vibao vyote, na mkataba wao na mwenye ardhi. Wakati wa kuleta ushahidi ulipofika, kampuni ikajitoa. Dai limefutwa. Samahani haikuandikwa.

Kijiwe kilishangilia kama goli la dakika ya mwisho. Mimi sikushangilia sana. Kibao bado kiko nyuma ya mapipa, na taa haijawashwa. Harusi ya wiki ijayo itapata barua zake, na wengi watalipa 60 kwa hofu. Mtu anayelipwa na giza atanunua balbu ya nini? Bunge lilipitisha sheria ya kanuni za maegesho mwaka 2019, serikali ikatoa kanuni zake Februari 2022, kampuni zikawasha moto, na kufikia Juni mwaka uleule kanuni zimeondolewa. Mwishowe vyama vya kampuni zenyewe vikajitungia kanuni za pamoja, zikaanza Oktoba 2024. Humo wameandika kuhusu kibao cha mlangoni, wameandika dakika 10 za hisani baada ya muda kuisha. Wameandika vizuri tu. Nguzo yetu bado tupu.

Tukiwa katikati ya kelele hizo Mwenyekiti akakohoa. Anaomba kuuliza, kwa niaba ya rafiki yake. Rafiki huyo, kumbe, ana bahasha kadhaa ndani ya gari, hajazifungua, ndiyo msimamo wake. Tukamwambia mzee, zilete. Katoka, karudi nazo zimefungwa mpira. Nyingi ni za wadai madeni, kelele na wino mwekundu. Ya mwisho imetoka Northampton, na aliyewahi kuguswa na mambo haya anajua madai ya mahakama hutoka huko. Fomu ya mahakama yenyewe, na haina hata wiki mbili. Siku 14 za kujibu, ukithibitisha mapema kwamba umeipokea unapata 28 za kuandaa utetezi.

"Lakini si nilisema usijibu?" akauliza, safari hii taratibu.

Mzee wetu, hiyo jibu. Kinyozi akazima mashine akamtafutia miwani, tukamwelekeza namna ya kuthibitisha mtandaoni usiku uleule, kabla hajala. Na Jumamosi aje na picha za kibao, si na hadithi za mwaka 1998.