Shikamoo, Faili la Exe

Leo namsifu asiyesifiwa: faili la exe lililofungashwa kutoka kwenye skripti ya Python. Watengeneza programu wa mjini hulicheka, wao na mkongo wao wa intaneti. Waje Katoro au Kakola, miji ya wachimbaji wa dhahabu, kwenye steshenari yenye kompyuta ya mezani ya Windows 7, vumbi limejaa kwenye feni na bando limekwisha tangu jana. Watalipa heshima yake.

Nianze na unene. Kijana ameandika mistari michache ya kugawa mauzo ya dhahabu: gramu mara bei ya siku, toa mrabaha asilimia 6, toa ada ya ukaguzi asilimia 1, kisha mwenye leseni, mwenye duara (shimo la kuchimbia) na wachimbaji wapate chao. Skripti nzima haifiki kilobaiti tano. Akishaipitisha kwenye PyInstaller, zana ya kufungashia, pamoja na maktaba alizoziita, inatoka na makumi ya megabaiti, kwa kuwa imebeba Python yenyewe na vikorokoro vingine ambavyo haitavigusa hadi kiama. Ni mgeni wa usiku mmoja aliyekuja na kitanda, kinu na jiko lake. Tucheke, lakini mgeni huyo hamwombi mwenyeji hata chumvi. Hataki kusakinishiwa kitu, haulizi nywila ya Wi-Fi. Flashi ikichomekwa, kazi inaanza.

Inaanza kwa upole, nisiseme uongo. Kila likifunguliwa, faili hili hujifungua upya ndani ya folda ya muda, ile yenye jina linaloanza na _MEI. Dirisha jeusi linatokea, kimya.

“Dogo, imeganda hii.”

“Subiri bosi, inawaza.”

Bosi wa dhahabu hajazoea kusubiri. Anabofya tena, na sasa madirisha mawili yanawaza. Umeme ukikatika katikati, folda ile inabaki bila wa kuifuta, na ya kesho nayo, na ya mtondo, mpaka diski ijae. Ukarimu wa kuacha zawadi kila linapoondoka ghafla!

Halafu uvumilivu wa kusingiziwa. Kwa kuwa wahalifu nao hufungasha virusi vyao kwa PyInstaller hiyohiyo, antivairasi hulikamata na kulitia karantini bila kesi, huku flashi iliyolileta imezunguka kila steshenari ya Kahama na kuokota uchafu wa kila aina. Halilalamiki.

Lina msimamo pia. Likifungashwa kwa Python ya biti 64, halikanyagi Windows ya biti 32, hata ulibembeleze. Na kwa kuwa Python 3.9 iliikataa Windows 7, kijana wetu analazimika kubaki na 3.8 kama mchimbaji asiyetaka kuhama duara la zamani.

Ila msimamo ninaouvulia kofia ni wa kumbukumbu. Lililoambiwa siku ya kufungashwa ndilo linalojua. Mwaka 2017 mrabaha wa dhahabu ulipandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6. Exe ya mwaka 2016 ingeendelea kukata 4 kwa uaminifu wote, hata ndani ya soko la dhahabu la Geita lililofunguliwa Machi 2019, mbele ya afisa madini, bila kupepesa macho. Kurekebisha? Inatakiwa skripti ya awali, na skripti ilikuwa kwenye laptopu ambayo aliyeiandika aliiuza akapate nauli ya kwenda kujaribu bahati kwenye rashi mpya, yaani machimbo mapya yanayokimbiliwa.

Basi ndugu msomaji, ukikutana nalo, libofye, kisha ondoa mkono kwenye mausi. Nawe kijana unayefungasha, viweke viwango vya asilimia kwenye faili la maandishi pembeni ambalo yeyote anaweza kulibadilisha, andika tarehe kwenye jina la exe, na skripti yake itunze sehemu mbili kabla hujauza laptopu.