Jinsi ya Kumaliza Filamu Bila Kummaliza Rafiki

Baraka, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, ina ziwa, ina soko, na ina watu wasioweza kulala na siri ya filamu. Picha zikipita kwa flashi na kadi za simu, mkono hadi mkono, mtaa mmoja hufika mwisho wakati mtaa wa pili haujaanza. Mwongozo huu ni wa yule aliyetangulia, maana ndiye mwenye uwezo wa kuharibu.

1. Uliza kwanza. "Ndugu yangu, umeiona?" Akijibu "bado", nyamaza. Akijibu "niko katikati", uliza amefikia wapi, na usivuke hapo hata hatua moja.

2. Chunga na uso wako. Kuna wasiosema neno, lakini mhusika fulani akitokea tu wanaguna, wanatikisa kichwa, wanasema, "We mwache." Huko nako ni kufichua. Ukirudi kuitazama ukumbini mara ya pili, kaa benchi la nyuma kabisa.

3. Usijifiche nyuma ya wataalamu. Mwaka 2011, Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa watu hadithi fupi wasome. Kwa wastani, walioambiwa mwisho mapema walizifurahia zaidi. Sawa, lakini wastani hauketi ukumbini; anayeketi ni rafiki yako, na yeye hajakuomba umwambie. Utasema: mbona Titanic ilijulikana tangu 1912 kwamba ilizama, na filamu ya James Cameron ya 1997 ikajaza kumbi? Ndiyo, meli tuliijua. Wale vijana wawili wa filamu hatukuwajua, na yaliyowapata siyasemi hapa.

4. Ukitaka kusimulia, simulia kweli. Derek Mukandala wa Tanzania, maarufu kwa jina la Lufufu, alisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na watu wakazifuata kwa ajili ya sauti yake. Kwa asiyejua lugha ya filamu, msimulizi wa namna hiyo ni mlango wa kuingilia. Wewe unayetamka "anakufa" kisha ukaenda zako, hujasimulia kitu: umechukua mwisho, ukamwachia mwenzako makapi.

5. Kanuni hii ni kwa walioiona Who Killed Captain Alex? tu, wengine rukeni hadi ya 6. Filamu hiyo ya mwaka 2010, ya Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, inauliza kwa jina lake nani alimuua Kapteni Alex, na inakwisha bila kujibu. Basi ukiwashwa na ulimi, mtafute mwenzako aliyeiona, mbishane juu ya muuaji hadi usiku wa manane. Hamtamharibia mtu.

6. Habari za njia na za ziwa hazina siri. Mtu akikuuliza kuhusu upepo kabla ya kupanda boti, au kuhusu barabara ya Uvira, mwambie yote, tena anzia mwishoni. Kumficha mtu hatari si adabu.

Kwa nini nasisitiza hivi siri ya filamu? Kwa sababu anayelipa kiingilio jioni, baada ya kutwa nzima ziwani au sokoni, ananunua vitu viwili: picha, na nafasi ya kutojua. Picha inaweza kurudiwa kesho. Kutojua hakurudi.

Na watu wa hapa wanayajua mashaka ya kweli. Wengi walivuka ziwa wakikimbia vita, wakaishi kambini Nyarugusu na Lugufu huko Kigoma, Tanzania. Kuanzia 2005 boti zikawarudisha Baraka bila wao kujua watakuta nini nyumbani. Mashaka ya filamu ni tofauti: mtu huyachagua mwenyewe, yanadumu saa mbili, kisha kila mmoja anarudi kwake salama. Hiyo ni raha halali, na ni haki ya mwenzako kuipata nzima.