Samahani kwa Kuwa Hai

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe,
Kamati ya Safari za Utume,
Marekani.
(Jina la kanisa lenu tumelisitiri. Laiti nanyi mngesitiri sura za watoto wetu.)

KUH: KUOMBA RADHI KWA KUWA HAI

Ndugu wapendwa katika Kristo,

Sisi ni wazazi wa mayatima wenu wa Kilifi, Kenya. Tunaomba radhi kwa kuwa bado tunapumua, maana tumesikia jambo hilo linawatatiza mnapoandaa video ya changizo.

Hatukufa kwa sababu hakuna aliyetueleza mapema faida zake. Tulikuwa tukisuka makuti na kuuza mahamri na mbaazi asubuhi. Elimu ya msingi ya umma ilitangazwa kuwa ya bure mwaka 2003, lakini sare na chakula cha mchana havikulisikia tangazo hilo. Ndipo akaja bwana mmoja na gari na fomu, akasema iko nyumba ya watoto inayotoa vyote hivyo bila malipo, mradi mtoto alale huko na awe yatima. Tulipouliza atakuwaje yatima nasi tupo, alitutazama kama watu wanaopiga teke riziki.

Kila Agosti mnapokuja, tunaonywa tusipite karibu na lango. Mwaka jana mwenzetu mmoja alisahau, akapita na beseni lake la mahamri kichwani. Mwanawe akaita, "Mama!" mbele ya kamera. Mkalimani wenu, kijana mwerevu, akaeleza kwamba huku kwetu watoto humwita kila mwanamke mama. Ni kweli. Ila siku ile, ukweli huo ulitumiwa kusema uongo.

Watoto wetu mnawapenda, hilo hatulikatai. Mnawabeba mgongoni, mnawafundisha nyimbo, kisha mnaagana nao kwa machozi. Nao hulia, halafu huogeshwa na kuvalishwa fulana safi ili waanze kulipenda kundi linalofuata.

Tulidhani aibu hii ya kuwa hai ni yetu peke yetu. Kumbe shirika la Save the Children liliandika mwaka 2009 kwamba angalau watoto wanne kati ya kila watano walio katika makao ya watoto duniani wana mzazi aliye hai. Tuko wengi! Hata Serikali ya Kenya imeanza kutushuku kwamba tupo: Novemba 2017 ilisimamisha usajili wa makao mapya, na mwaka 2022 ikazindua mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto katika familia na jamii. Katikati ya hayo, Desemba 2019, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi wanachama zizuie madhara ya safari za kujitolea katika makao ya mayatima. Tunawapa pole. Si rahisi kupanga safari huku dunia nzima ikiwaingilia.

Kuhusu gharama, mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alitusimulia habari za Honduras. Baada ya Kimbunga Mitch cha mwaka 1998, makundi ya makanisa ya Amerika Kaskazini yalikwenda kujenga nyumba. Msomi Kurt Ver Beek alipofuatilia, alikuta nyumba ya aina ile ile ambayo shirika la Kikristo la pale pale liliijenga kwa dola 2,000 hivi iliyagharimu makundi hayo kama dola 30,000, nauli ikiwemo. Familia zilizohamia humo hazikutofautiana kimaisha, awe aliyeshika mwiko ni mgeni au fundi wa mtaani. Fundi wetu wa rangi, ambaye kila Agosti hukaa nyumbani mkiupaka ukuta ule ule, alicheka sana. Baadaye akauliza kama huko kwenu kuna upungufu wa kuta.

Tunajua mnaongozwa na Waraka wa Yakobo, sura ya 1, mstari wa 27. Tumeusoma pia, na tumeona kwamba Yakobo aliwaweka yatima na wajane pamoja katika mstari mmoja. Ninyi mmeugawa mstari: yatima wako juu penye geti na kisima, wajane wako huku bondeni pamoja nasi, na katikati kuna mlinzi.

Kwa hiyo tunaomba kwa unyenyekevu. Chama chetu cha akina mama kina daftari, mweka hazina na akaunti ya benki. Nauli ya kijana mmoja tu, ikipitia humo, itanunua sare, itaweka sufuria shuleni, itamwongezea mama mtaji wa unga na mafuta, na mtoto atalala kwao. Tutawatumia hesabu. Picha hatutatuma.

Kama hilo ni gumu kwa sababu tiketi zimeshakatwa, tuna pendekezo la pili. Tupeni notisi ya mwezi mmoja, nasi tutakufa kwa wiki zote mtakazokuwa hapa. Hatutapita langoni, hatutauza mahamri, wala hatutaitika tukiitwa. Ndege yenu ikishapaa tutafufuka, tukaendelee kuwalilia watoto wetu. Ninyi ni watu wa imani. Habari za ufufuo hazitawashangaza.

Wenu katika utumishi,
Marehemu wa muda,
Wazazi wa mayatima wenu.