Laptopu Inapopiga Mluzi

Ukiishi nyumba ya kupanga, kifaa chako kikiugua hukosi madaktari. Unachokosa ni nafasi ya kumsikiliza mgonjwa.

Laptopu yangu, mtumba wa zamani kidogo, ilianza kupiga mluzi wakati wa mvua za masika. Mluzi mwembamba, wa juu, usiokata pumzi. Mchana ulimezwa na bodaboda na redio za majirani. Usiku ulitawala chumba. Mke wangu alidhani ni mbu, akapuliza dawa hadi sote tukatoka nje kukohoa. Tuliporudi ndani, mbu hakuna, mluzi upo.

Watoto waliusikia hadi uani. Mama mkwe, aliyekuja kutusalimia na kuona si vizuri kuondoka haraka, hakusikia chochote. Akaamua kwamba watoto wanamfuata baba yao kwa uongo. Ukweli ni kwamba umri ukisonga, sikio huanza kupoteza sauti za juu kabisa, za chini zikibaki. Huko Wales, Howard Stapleton alilijua hilo vizuri: mwaka 2005 alitoa kifaa chenye mlio mwembamba wa kuwafukuza vijana wanaopiga kijiwe mbele ya maduka, huku wazee wakipita zao bila habari. Nilimweleza mama mkwe jambo hili kwa heshima zote anazostahili, yaani sikumweleza.

Fundi wa kwanza ana kibanda karibu na kituo cha daladala. Hakuinamisha hata sikio. “Hii tunapiga Windows mpya, inatulia.” Mafundi wetu wengi tiba yao ni hiyo hiyo. Laptopu nzito, piga Windows. Betri haikai na chaji, piga Windows. Naamini ukimpelekea pasi ya umeme atauliza kama ina Windows ngapi. Nikamshukuru, nikabeba changu. Programu haipigi mluzi. Kinachopiga mluzi ni kitu kinachotikisika, na vitu vya kutikisika ndani ya laptopu vinahesabika.

Kipo cha kwanza, spika. Nilizima sauti, mluzi ukaendelea. Ipo feni. Nikafungua mambo mengi kwa mpigo ili mashine ipate joto. Feni ikaongeza kasi, ikavuma kwa sauti yake nzito, na mluzi ukabaki pale pale kwa sauti yake ya soprano. Halafu zipo koili, vile vipande vidogo vya waya uliosokotwa vinavyosimamia umeme kwenye ubao. Umeme ukipita kwa kasi inayobadilikabadilika, koili hutetemeka na kulia. Dalili yake ni kwamba mlio hubadilika ukichomoa chaja, au ukipandisha na kushusha ukurasa, kwa kuwa prosesa inaamka na kusinzia. Nilichomoa, nikachomeka, nikapandisha, nikashusha. Mluzi haukujali.

Ikabaki diski. Humo ndani kuna visahani vinavyozunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu. Unywele mmoja wa kichwa chako una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Mimi mtu akinipita karibu hivyo kwenye daladala nashika mfuko.

Jioni moja jirani yetu, fundi wa magari, alipita kuomba chumvi akatukuta kwenye baraza la mashauri. Hakuuliza Windows. Aliagiza bisibisi ndefu. Akaweka ncha juu ya laptopu, kitako cha mpini akakibana sikioni, akafumba macho. Ndivyo wanavyotafuta beringi mbovu kwenye injini. Akahamisha ncha taratibu: upande wa feni, akatikisa kichwa, katikati, akatikisa kichwa, kona ya kulia mbele, mahali diski ilipolala, akakunja uso kama aliyeuma ndimu. “Beringi,” akasema, akafungua macho. “Hii umeipitisha sana barabara ya vumbi.” Akachukua chumvi yake akaondoka.

Sina hakika na hiyo barabara ya vumbi, ila kwenye beringi alikuwa amefika. Visahani huzungushwa na mota, mota ina beringi, na beringi ikichakaa hulia. Diski za zamani zilitumia vigololi vya chuma. Baadaye watengenezaji wakahamia beringi za kimiminika, ndiyo maana diski za miaka ya karibuni ni tulivu zaidi.

Nilijaribu pia kuiuliza diski yenyewe. Diski hutunza rekodi ya afya yake, na kuna programu za bure za kuisoma. Rekodi ikasema mzima wa afya. Nisingeitegemea sana: utafiti wa Google uliotolewa mwaka 2007 ulikuta zaidi ya theluthi moja ya diski zilizokufa hazikuwa na hata dalili moja kwenye rekodi hizo.

Hapo ndipo nilipotamka neno lililobadilisha hali ya hewa sebuleni. Nikasema daftari la michango ya harusi ya binamu limo humo ndani, na humo tu.

Kumbe nilikuwa nimezungukwa na wadaiwa. Mimi ni katibu wa kamati ya harusi. Ninajua nani aliahidi nini mbele ya umati na nani ameleta nini kimyakimya. Tangu dakika hiyo ushauri ukaanza kumiminika, na mwenye deni kubwa ndiye aliyekuwa na ushauri wa hatari zaidi. Mjumbe mmoja alipendekeza diski igongwegongwe ukutani “ikae sawa”. Shemeji, aliyeahidi laki tatu na kuleta elfu hamsini, akataka tuiweke kwenye friza usiku kucha. Ushauri huo ni wa miaka mingi na kuna watu wanaapa kwamba uliwasaidia, lakini diski ikitoka kwenye baridi na kukutana na joto la Dar es Salaam, unyevu hugeuka matone juu ya visahani, na kile kichwa kinachoelea nanomita chache hukuta bwawa. Isitoshe, friza ilikuwa imejaa barafu za kuuza za mke wangu. Nani angethubutu?

Shemeji hakukata tamaa. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka elimu tu, kama kelele zinaweza kuua diski.

Zinaweza. Mwaka 2016, benki moja mjini Bucharest, Romania, ilifanya jaribio la mfumo wa kuzima moto. Gesi ikatoka kwa mlio mkubwa kiasi kwamba diski nyingi ziliharibika na huduma zikasimama kwa saa kadhaa. Na mwaka 2022 Raymond Chen wa Microsoft alisimulia kwamba kampuni moja ya kompyuta iligundua zamani kuwa wimbo wa Janet Jackson, “Rhythm Nation”, uliangusha baadhi ya laptopu zake, na hata laptopu nyingine iliyokuwa karibu bila kuucheza. Ndani ya wimbo kulikuwa na sauti iliyolandana na mtikisiko wa asili wa diski za mizunguko 5,400. Ikabidi waweke kichujio cha kuiondoa sauti hiyo.

Diski yangu ni ya mizunguko 5,400. Usiku huo spika kubwa ya shemeji ilihamia sebuleni, na mwenyewe akasema amekumbuka nyimbo za zamani.

Nikajifungia chumbani na flashi. Daftari la michango kwanza, picha za watoto zikafuata, kisha kazi za ofisi, na mwisho vile vitu ambavyo mtu huvitunza bila kujua kwa nini. Diski ilinung'unika, ikasita, ikaendelea. Nilipomaliza ndipo nikazima mashine, nikafungua kifuniko cha chini, nikalegeza skrubu na kuichomoa diski. Nikawasha laptopu kwa Linux iliyo kwenye flashi nyingine. Ikawaka, kimya kabisa. Mama mkwe peke yake hakuona tofauti.

Sasa nimeweka diski ya SSD, ambayo haina kisahani, haina mota wala beringi ya kupigia mluzi. Hiyo nayo ina siku yake ya kufa, tena huenda isiage, kwa hiyo ya kwako ikiwa inalia leo, ishukuru kwa taarifa na unakili vitu vyako kabla hujamwita mtu yeyote mwenye bisibisi au friza.

Kwa wajumbe wa kamati: orodha ya ahadi ipo kwenye laptopu, ipo kwenye flashi, ipo kwenye barua pepe ya mweka hazina. Anapokea hata kwa simu. Shemeji, bado laki mbili na nusu.