Namba Ninayo, Mbolea Nitaisikia

Hongera, mkulima wa Horohoro, mpakani na Kenya. Tangu Rais Samia azindue mbolea ya ruzuku kule Mbeya, Nane Nane ya 2022, wewe ni mtu unayejulikana. Jina limo kwenye daftari, ukubwa wa shamba umeandikwa, na namba yako ya mkulima imeingia kwenye simu, ikiwa siku hiyo simu haikuamua kudaka mtandao wa Kenya.

Mfuko wa mbolea ya DAP wa kilo 50, uliokuwa umevuka shilingi laki moja, ukashushwa hadi 70,000. Ahsanteni sana. Kilichobaki ni kidogo tu: hiyo sabini yenyewe, nauli ya kumfuata wakala, na nauli nyingine ya kwenda kuulizia mzigo utafika lini. Mwenye pesa kapunguziwa bei; asiye nayo kapewa namba. Na huku wilayani Mkinga kwa mihogo na minazi, sijasikia mnazi wa babu uliowahi kudai DAP.

Lakini tusinung'unike, jamani. Hapo ng'ambo ya geti la mpaka, Lunga Lunga, nao wana ruzuku yao. Mwaka 2024 Kenya iligundua mbolea feki ndani ya mpango wenyewe. Waziri wa kilimo akafikishwa mbele ya kamati ya Bunge, na kamati ikamsafisha. Yetu sisi, hata ikikosekana, inakosekana ikiwa halisi.