Mwezi wa Vitabu na Filamu: Mwongozo Mkali kwa Mkazi wa Kilimanjaro

Mwongozo huu ni wa yeyote anayeishi kati ya Moshi mjini na mpaka wa msitu, awe Kibosho, Uru, Old Moshi, Marangu au Rombo, na ambaye tangu amalize shule amekuwa akisema "nitasoma nikipata nafasi." Nafasi ya kusoma haiji yenyewe, hutengwa. Fuata hatua hizi, na mwezi ukiisha utakuwa umesoma vitabu vitatu na hadithi fupi moja, umetazama filamu nne, na wazee wa ukoo wako watakuwa hoi kwa maswali. Hilo la wazee ndilo lenye thamani kuliko yote.

Hatua ya 1: Chagua Aprili

Desemba haifai kabisa. Ukoo mzima umepanda nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi, kila Jumamosi kuna harusi au kipaimara, na atakayeonekana ameshika kitabu atapewa viti abebe. Kuanzia Julai kahawa inaanza kuiva na mikono yote inahitajika kihambani. Aprili masika yamekolea, Kibo imejificha mawinguni siku nyingi, njia za kihambani ni utelezi mtupu na mialiko imekauka. Mwezi huo ni wako.

Hatua ya 2: Kusanya vifaa

Unahitaji kadi ya maktaba ya mkoa pale Moshi mjini, daftari, kalamu, flashi na taa ya kuchaji. Nunua umeme wa LUKU kabla ya kununua bando, maana bando litakuvuta kwenye video za dakika moja moja hadi usiku wa manane. Ratiba ni hii: umeme ukiwepo tazama, ukikatika soma. Masika hayatakuacha uvunje ratiba hiyo.

Hatua ya 3, wiki ya kwanza: Tazama mlima kwa macho ya wageni

Anza na "The Snows of Kilimanjaro," hadithi fupi ya Ernest Hemingway iliyotoka 1936. Inamalizika jioni moja. Mwandishi wa Kimarekani analala kambini nyikani, mguu wake umeoza, anakumbuka yote aliyoahirisha kuandika. Kisha tazama filamu ya 1952 iliyotokana nayo, Gregory Peck akiwa mhusika mkuu. Andika daftarini jambo hili: kwenye hadithi mtu yule anakufa, kwenye filamu anapona. Jiulize ni nani aliyehitaji apone.

Siku inayofuata tazama "Hatari!" ya 1962, iliyoongozwa na Howard Hawks na kupigwa picha kaskazini mwa Tanganyika. John Wayne na wenzake wanakimbiza vifaru kwa magari ili wauzwe kwenye bustani za wanyama. Ifurahie, inasisimua kweli. Lakini hesabu ni mara ngapi mwenyeji wa nchi hii anapewa sentensi ndefu ya kusema, wakati Tanganyika halisi ilipata uhuru wake Desemba 1961. Mlima umesifiwa sana na watu waliotazama barafu yake tu. Mwezi huu unakushusha kutoka kwenye barafu hadi kwenye migomba, kwa watu.

Hatua ya 4, wiki ya pili: Zima runinga, washa wazee

Wiki hii haina filamu. Tafuta "Maisha ya Mchagga hapa Duniani na Ahera" cha Petro Itosi Marealle, kilichotoka 1947. Ni kitabu cha Kiswahili kilichoandikwa na mtu wa hapa, aliyekuwa mangi, kuhusu maisha ya watu wake tangu kuzaliwa hadi baada ya kaburi.

Kila ukimaliza sura, beba mtori wa moto uende kwa mzee. Sema "Shikamoo babu" au "Shikamoo bibi," keti, na uulize kama kilichoandikwa ndicho alichokiona. Uliza mfongo unaoleta maji kitongojini ulichimbwa na ukoo gani. Uliza sale lililo mpakani lilipandwa na nani, na ni lini mara ya mwisho jani la sale lilipelekwa kwa mtu kuombea msamaha. Mzee akikibishia kitabu, usimkatize: ndipo somo linaponoga. Atakayeruka hatua hii arudi mwanzo.

Hatua ya 5, wiki ya tatu: Beba kilicho kizito

Soma "Peponi," riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya 1994 ambayo Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa Kiswahili, ikatoka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobel. Kijana Yusuf anachukuliwa kwa sababu ya deni la baba yake na anafuata msafara wa biashara kwenda bara, huku Wajerumani wakizidi kuingia.

Ukifika nusu, panda Old Moshi. Huko Mangi Meli alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wengine. Ukoo wake umekuwa ukilitafuta fuvu lake, linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Kisha tazama "The Empty Grave" ya 2024, filamu ya Agnes Lisa Wegner na Cece Mlay, inayofuata familia za Songea na Meru zinazodai mabaki ya wazee wao. Filamu hii usiitazame peke yako. Waite majirani, na ikiisha usikimbilie kuwasha taa.

Hatua ya 6, wiki ya nne: Shuka pwani

Sasa linganisha. Soma "Vuta N'kuvute" ya Adam Shafi, iliyotoka 1999, kisha tazama filamu ya Amil Shivji ya 2021 iliyoonyeshwa Toronto. Yasmin anatoroka ndoa aliyolazimishwa, anakutana na Denge, na Zanzibar inadai uhuru. Msomaji wa kitabu atalalamika kwamba mengi yameachwa. Mwambie aonyeshe kipi angekata yeye ili hadithi itoshe kwenye filamu moja. Mjadala huo utakula jioni nzima, na kahawa ya kutosha.

Wazazi wetu walitazama sinema pamoja mjini, kwenye majumba kama Plaza, na vijana wanajazana kwenye vibanda umiza hadi leo. Kwa hiyo usikubali filamu ikuishie kwenye kioo cha simu, na kipokea sauti kimoja sikioni.

Hatua ya 7: Andika

Fungua daftari. Yale ambayo babu na bibi walikibishia kitabu cha 1947 yaandike kwa Kiswahili, kwa maneno yao, pamoja na jina la kitongoji na tarehe. Kurasa tatu zinatosha kuanzia. Wageni waliandika kwa sababu waliona ni haki yao kuandika, na Marealle aliandika kwa sababu aliona ni wajibu wake. Wewe una haki hiyo na wajibu huo pia, na wazee unaowahitaji bado wanaitikia shikamoo. Nenda kabla ya Mei.