Rubani wa Daraja C

Kuna kijana wa Mbinga mjini anayerusha chombo cha daraja C kwenye Starfield, ule mchezo wa 2023. Injini mpya, ngao nene, makombora kila ubavu. Daraja hilo halitolewi bure: urubani unapanda kwa kutungua vyombo vya maadui, tena kwa hesabu. Hongera, kaka. Ila mteremshe Mbamba Bay umpe mtumbwi na kasia, uone kama atavuka hata mawimbi ya ufukweni.

Ziwa letu, Nyasa, lilishapata aliyepata sifa kwa mteremko. Agosti 1914, pale Liuli, Wajerumani wakipaita Sphinxhafen, meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Kamanda Rhoades akaja na Gwendolen ya Waingereza, akaitandika mzinga. Nahodha Mjerumani, mnywaji mwenzake wa siku zote, akapiga makasia kwenda kumfokea. Habari kwamba Vita Kuu imeanza hakuwa nazo. Akatiwa mbaroni. London magazeti yakatangaza ushindi wa majini. Majini, jamani, na meli yenyewe imeanikwa kama usipa!